Jinsi nilivyozirudisha nyuso za watoto katika picha za theluji
Kwa majira mawili ya baridi hapa Wyoming, Marekani, picha nilizomtumia mama aliyeko Tanga zilionyesha theluji ya kijivu na wajukuu wake wakiwa vivuli visivyo na macho, mbele ya mlima Grand Teton wenye kimo cha mita 4,199. Niliilaumu simu bure. Kumbe kipimo cha mwanga cha kamera hukadiria kila mandhari kuwa na wastani wa kijivu, hivyo kinapokutana na weupe uliotanda hupunguza mwanga, na ngozi yetu nyeusi ndiyo inayoumia zaidi. Sasa ninagusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu, ninashikilia hadi kipimo kijifunge, kisha ninarekebisha mwanga kidogo kidogo mpaka theluji iwe nyeupe bila kupoteza alama za nyayo. Watoto ninawaelekeza kwenye jua la asubuhi, ambalo huumulika pia mlima, kwa kuwa uko magharibi mwa bonde. Ninaituma picha kama faili la hati ili programu ya ujumbe isiibane. Ya juzi mama ameisafisha, na pengo la kitindamimba wetu linaonekana.