Ninavyochapa nyonga iliyovunjika kabla ya upasuaji

Kishimo cha nyonga, pale kinapoingia kichwa cha fupa la paja, kikivunjika, plati (bamba la chuma la kushikilia vipande) lazima ikunjwe ifuate umbo la mfupa. Kuikunja thieta (chumba cha upasuaji), mgonjwa akiwa mezani, kunakula muda na damu. Kwa hiyo nachapa nyonga yake kwa plastiki kwenye printa ya 3D, daktari aikunje plati mapema.

Naomba picha za CT (eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande) zenye unene wa milimita 1 au pungufu. Za milimita 5 hutoa mfupa wa ngazi ngazi na nyufa nyembamba hupotea. Nazifungua kwenye 3D Slicer, programu ya bure, na kuanza kuchuja mfupa kwenye HU (kipimo cha CT cha msongamano) 200 hadi 250. Hatua hii huamua ubora kuliko printa yenyewe. Kiwango kikizidi, bawa la nyonga linatoboka matundu ambayo mgonjwa hana, hasa kwa mzee ambaye mifupa yake imepungua madini. Kikipungua, kichwa cha fupa la paja kinagandana na kishimo. Kichwa hicho nakifuta kwa mkono, picha baada ya picha, maana kikibaki kinaficha uso wa kiungo, na hapo ndipo daktari anapotaka kuona.

Upande uliovunjika nauchapa daktari auone mpangilio wa vipande. Upande mzima naugeuza kushoto kulia, nao ndio wa kukunjia plati. Natumia PLA, plastiki ya kuchapia, tabaka za milimita 0.2, kuta tatu, ujazo wa ndani asilimia 15. Nailaza ili nguzo za plastiki zinazoishikilia wakati wa kuchapa zisiguse sehemu itakayokaa plati, kwa sababu zikibanduliwa huacha mikwaruzo. Faili ya STL, inayobeba umbo kwenda kwa printa, haisemi kama namba zake ni milimita au inchi, kwa hiyo napima nyonga iliyochapwa kwa kalipa na kulinganisha na skrini. Tofauti ikipita milimita 1, narudia.

Plati isikunjwe na kukunjuliwa mahali pamoja, itachoka kwenye tundu la skrubu. Ikishapata umbo, inasafishwa na kutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 134. Nyonga ya plastiki isiingie humo kabisa: PLA hulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Ndani ya thieta, nyonga hiyo inakaa nje ya eneo lililotakaswa.

Kabla nyonga ya kukunjia plati haijatoka mezani kwangu, naiandika kwa wino usiofutika: namba ya mgonjwa, upande, na neno “IMEGEUZWA”. Nyonga ya kulia iliyogeuzwa haina tofauti yoyote machoni na ya kushoto.