Kusaka Visa Ndani ya Treni ya Kigoma

Mwandishi akikaukiwa na visa vya kuandika huambiwa akapunge upepo ufukweni. Mimi nilikata tiketi ya Kigoma, daraja la tatu. Reli hii ya mkoloni, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na uzuri wake ni kwamba haina haraka. Treni inasimama kupisha nyingine, watu wanapiga soga. Ile ya SGR, reli mpya ya kisasa, ya Dodoma ni safi na inakimbia, ila kwa kazi hii ya kusaka visa haifai. Kila mtu kainamia simu yake.

Kaa dirishani, maana soko lote liko huko. Stesheni ya Saranda wauzaji wa kuku wanafuata behewa kwa behewa, sinia kichwani, na bei inapatanwa upesi kwa kuhofia honi. Abiria anapokea sahani, anatoa noti kubwa, treni inaanza kutambaa. Muuzaji anakimbia sambamba na dirisha akihesabu chenji. Hapo andika nani alinyoosha mkono kwanza, na maneno gani yalitoka. Usiandike "palikuwa na pilikapilika". Sentensi hiyo haikusaidii kitu ukifika nyumbani.

Natumia penseli na daftari la kuingia mfukoni. Ukurasa wa kushoto ni wa nilichoona na kusikia, wa kulia ni wa mawazo yangu. Ukivichanganya, baada ya miezi miwili hutajua kipi ulikishuhudia na kipi umekitunga. Behewa likiyumba mwandiko hausomeki, kwa hiyo subiri stesheni. Kurekodi kwa simu nako kuna kasoro: kelele za magurudumu zinameza sauti, na mtu akiona anarekodiwa anaanza kuongea kama yuko mbele ya mkuu wa wilaya. Shika sentensi moja neno kwa neno, nenda mlangoni, iandike.

Usimwulize mtu habari za maisha yake. Mwulize mzigo. Mwenye dumu la asali ya Tabora atakuonyesha kipande cha nailoni alichobana chini ya kifuniko ili lisivuje, na kabla hajamaliza utajua anampelekea nani na deni gani analilipa.

Tabora njia inagawanyika, moja Mwanza, nyingine Kigoma. Nilitumia kituo hicho kupitia daftari: kila kisa ambacho ndani yake hakuna mtu anayetaka kitu fulani, nilikipiga mstari. Vingi vilikufa hapo, hasa maelezo ya machweo. Chenji ya Saranda ilipona, na asali pia. Uvinza, stesheni iliyo kati ya Tabora na Kigoma, nimeiweka kiporo. Siwezi kuandika habari za chumvi yake kabla sijajua yale maji ya chemchemi yanageuzwaje hadi yakajaa gunia.