Msalaba uliorudi nyumbani ndani ya kanga

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii sala imenishinda. Alhamisi ya juma lililopita kijana mmoja alileta jumuiyani msalaba aliouchonga mwenyewe kwa mninga, kaufunga kwenye kanga ya mama yake. Bega moja la Yesu lilipanda kuliko la pili. Nikasema mbele ya watu, "Huyu naye umemvunja bega?" Wakacheka. Kijana akaufunga tena taratibu, kama anayembeba mtoto, akaondoka. Alhamisi hii hakuonekana.

Tangu hapo namkumbuka Francisco Tito Yupanqui, mzawa wa ukoo wa Inka, wa Copacabana kando ya Ziwa Titicaca, Bolivia ya leo, zama za utawala wa Hispania. Alifinyanga Bikira Maria kwa udongo, akawekwa altareni. Alipokuja paroko mpya, sanamu ikaondolewa, ikaishia pembeni sakristiani, chumba cha kuvalia mapadre. Yupanqui akaenda mji wa Potosí kujifunza kwa mchongaji Diego de Ortiz. Akaomba kibali kwa askofu, akachekwa, akaambiwa kazi hiyo haimfai. Hakuacha. Aliomba Misa kwanza, ndipo akatengeneza sanamu nyingine kwa bua la mmea wa jamii ya mkonge wetu, akaipaka plasta, ikanakshiwa kwa dhahabu. Tarehe 2 Februari 1583, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, iliingia Copacabana, na mpaka leo mahujaji wanaipigia magoti. Hata ule ufuko wa Copacabana kule Rio de Janeiro, Brazili, umeitwa kwa jina la huyo Mama.

Ndugu zangu, waliomcheka walikuwa watu wa altare, watu kama sisi! Tunajua Kutoka 31, kwamba Mungu alimjaza Besaleli roho yake ili afanye kazi ya mikono. Lakini tunataka roho hiyo ije na fundi aliyekwisha kuiva. Sanamu za plasta tunanunua dukani, zote sura moja, na mtoto wetu mwenye patasi tunamkatisha tamaa. Mama akianzisha wimbo kwa sauti ya kukwaruza, tunageuka kumtazama. Msomaji akikwama kwenye jina la nabii, tunakohoa. Acheni, wapendwa. Nasema nikianza na mimi. Isaya anasema juu ya mtumishi wa Bwana, "Mwanzi uliopondeka hatauvunja", na mimi niliuvunja hadharani.

Kesho baada ya Misa ya kwanza nakwenda kwao. Nitamwomba radhi mbele ya mama yake. Alhamisi jumuiya inasali kwangu. Akiniruhusu, msalaba ule ndio utakaokaa mezani, kati ya mishumaa miwili.