Ukungu wa Tukuyu, wa nje na wa ndani

Wengi wakija Tukuyu, huku Mbeya, kupiga picha huja Julai. Kiangazi, njia kavu, Mlima Rungwe uko wazi hadi kileleni, karibu mita 2,960. Nami nilifanya hivyo miaka miwili ya mwanzo. Picha zangu za Julai zote ni pacha: mlima mweusi kama karatasi ya kaboni, nyuma yake anga jeupe.

Nikailaumu kamera bure. Mlima uko kaskazini mwa mji, na Julai jua nalo hupita kaskazini, kwa hiyo ubavu tunaoutazama sisi asubuhi na jioni huwa kivulini. Desemba hadi Februari jua huhamia kusini, likaumulika mlima usoni. Ila ndiyo masika yetu, na mvua ya Rungwe mnaijua.

Basi siku hizi naenda Februari. Siku moja nilijibanza pembeni mwa mashamba ya chai ya Katumba tangu saa kumi na mbili asubuhi, kamera nimeivika mfuko wa nailoni. Bibi mmoja akapita na jembe begani.

"Mjukuu, unapiga mawingu?"

"Nasubiri mlima, bibi."

"Huo? Juzi ulikuwepo." Akaenda zake akicheka.

Saa moja na dakika arobaini wingu likapasuka. Mwanga ukaanza na migomba, ukashuka kwenye chai, kila jani na tone lake, kisha mikunjo ya mlima ikajitokeza mmoja mmoja kama kitenge kinachokunjuliwa. Dakika nne, hazikufika tano. Nilikuwa nimeshaongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, maana kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na ukungu unatoka wa kijivu kama maji ya kufulia.

Sasa huo ukungu mwingine, wa kuvu. Lenzi yangu nilikuwa naifungia kwenye begi ikiwa bado na unyevu. Siku moja naimulika na tochi, naona ndani nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Nikaifukia kwenye mchele wa Kyela. Ikatoka na vumbi la mchele juu ya ukungu wake. (Mchele tuule tu.) Sasa naiweka kwenye kopo lenye vile vifuko vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Ukungu haujaongezeka, lakini haujatoka pia.

Picha ya asubuhi ile niliipiga na lenzi hiyohiyo. Mgeni mmoja akainunua ya kutundika sebuleni, akausifia sana ukungu mwembamba uliotanda picha nzima. Sikumwambia ni upi.