Kila kidonge na kazi yake: ninavyotumia dawa za sirosisi ya homa ya ini B

Nilitoka wodini na dawa za aina nne. Nilishaambiwa kwamba homa ya ini B imesinyaza ini langu, ndiyo sirosisi yenyewe, na maji yalikuwa yamejaa tumboni. Lakini kwa nini dawa moja ya virusi, mbili za kukojoa, na moja ya presha, wakati presha sina? Nilimwomba daktari anieleze moja moja. Maelezo yale ndiyo yanayonifanya nisiruke dozi.

Tenofoviri, miligramu 300 mara moja kwa siku, huzuia virusi kuzaliana. Nilipimwa VVU kwanza, kwa sababu mwenye maambukizi yote mawili akipewa hiyo peke yake, VVU huweza kuwa sugu. Nikauliza kama sihitaji dawa mbili za virusi. Akasema zamani walikuwa wakiongeza adefoviri juu ya lamivudini iliyoshindwa, ila usugu kwa tenofoviri ni nadra sana, moja inatosha. Mseto wangu ni wa kutuliza madhara ya ini lililosinyaa.

Pale ninapotibiwa, tenofoviri hutolewa dirisha moja na dawa za VVU. Mtaani wakaanza kunong'ona. Mke wangu akawa ananisindikiza, tunakaa benchi pamoja, na jirani aliyemuuliza alijibiwa waziwazi: "Shemeji yako anaumwa ini."

Zile mbili za kukojoa, spironolaktoni miligramu 100 na furosemaidi miligramu 40, nazimeza pamoja asubuhi. Ya kwanza hubakiza potasiamu mwilini, ya pili huitoa, basi zinasawazishana. Hapa ndipo penye kazi. Nilinunua mizani; nikishakojoa asubuhi, kabla ya chai, napima uzito na kuandika kwenye daftari. Miguu ikiwa bado imevimba, kushuka kilo moja kwa siku si vibaya. Uvimbe wa miguu ukiisha, isizidi nusu kilo, maana figo zinaweza kuumia. Kila kliniki napimwa figo na chumvichumvi za damu, na tenofoviri nayo inadai kipimo hicho cha figo.

Baadaye matiti yakaanza kuvimba na kuuma. Ni spironolaktoni. Wanaume wenzangu, msiifiche hali hiyo wala kuacha dawa kimyakimya. Nilisema, na maji yalipopungua daktari alishusha dozi.

Dawa hizi hazifui dafu kama chumvi iko juu. Nyumbani tuliacha dagaa wa chumvi na viungo vya paketi. Mchuzi sasa ni ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Shangazi alinikataza nyama na mayai, akaniletea na mizizi ya kuchemsha. Nilimshukuru kwa heshima, mizizi sikuinywa. Mtaalamu wa lishe alisisitiza nile mayai, samaki na maharage, na kitu kidogo kabla ya kulala, kwa kuwa sirosisi hula misuli.

Ile ya presha ni propranololi. Damu ikikwama kuingia kwenye ini hutafuta njia nyingine, mishipa ya umio inavimba, na ikipasuka mtu hutapika damu. Endoskopi, yaani kamera inayopitishwa kooni, ilionyesha yangu imevimba. Propranololi hupunguza msukumo huo, nami nahesabu mapigo ya moyo kila asubuhi. Nikiumwa mgongo sinywi diklofenaki wala ibuprofeni. Natumia parasetamoli, isiyozidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku.

Virusi sasa havionekani kwenye kipimo cha damu, na tumbo limeshuka. Tenofoviri siachi, kwa sababu virusi bado vimejificha ndani ya ini. Nina matumaini: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, kati ya wagonjwa 96 walioanza tenofoviri wakiwa na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena baada ya miaka 5. Hao walianza kabla ya ini kushindwa kazi, kwa hiyo ukipimwa mapema unapata nafasi kubwa zaidi.

Hatari ya saratani ya ini bado ipo, basi napigwa altrasaundi kila baada ya miezi 6. Karanga na mahindi yenye ukungu hatuyaingizi jikoni, kwa kuwa sumukuvu na homa ya ini B vikikutana huongeza hatari hiyo maradufu na zaidi. Mke wangu alipimwa, hana virusi vya homa ya ini B, akachanjwa dozi zote tatu. Mdogo wangu tuliyezaliwa tumbo moja alikutwa navyo, ini lake bado zima, na ameshaanza kliniki.