Nilivyofuta maswali 11 kwenye fomu ya mazingira

Fomu yetu ya kwanza ya kuripoti uchafuzi wa mazingira kwa simu ilikuwa na maswali 14. Niliitengeneza mwenyewe, nikajisifu, nikaisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa wetu huku bondeni, karibu na Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Ilidai barua pepe, namba ya kitambulisho, hadi "aina ya uchafuzi". Wiki tatu zikapita ikiwa imeingia taarifa moja tu, nayo ya kwangu, ya majaribio.

Si kwamba matatizo hayakuwepo. Mvua ikikolea usiku kuna wanaotapisha vyoo, kinyesi kinashuka na maji ya mtaro mpaka mlangoni kwa watu.

Nikamfuata mama anayekaanga samaki kando ya mtaro huo huo. Nikamwamkia, nikampa simu ajaribu. Akashusha, akashusha, akanirudishia.

"Mwanangu, barua pepe mimi naitoa wapi? Na hiki kitambulisho, ili jirani ajue ni mimi niliyemchongea?"

Siku ile ile nikafuta maswali 11. Tukabaki na picha, mahali, na unachokiona. Jina, ukipenda.

Kumbe kazi ilikuwa kwenye mahali. Picha ikipita WhatsApp haibaki na kumbukumbu ya ilipopigwa, na ramani ya kutoka angani haimwambii kitu mtu aliyezoea "pale kwa Mangi, unakata kulia, kabla ya mwembe". Basi tukakaa na mjumbe na vijana wa kijiwe cha bodaboda, tukaandika majina ya mahali kama yanavyotamkwa, tukayaweka juu ya OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia. Bahati nzuri mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ulishawatumia wanafunzi na wakazi kuchora nyumba na mitaro ya maeneo mengi ya jiji. Sasa mtu anagusa "Kwa Mangi", imetosha. Asiyetaka kuandika anarekodi sauti, na picha hupunguzwa kabla ya kutumwa isije ikamaliza bando.

Taarifa zikamiminika, kisha zikakauka. Mtu anatuma, kimya. Atume tena ya nini? Tukaanza kumrudishia kila mmoja ujumbe: imepokelewa, imepelekwa wapi, na kazi ikifanyika, picha ya baada.

Ofisi tuliyokuwa tunaipelekea ilisita, ikasema tutawaletea ugomvi wa majirani. Nikawasomea kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sidhani kama ni kifungu kilichowalainisha. Nadhani ni picha ya mtoto amesimama kwenye maji yale, ndoo kichwani.

Juzi mama wa samaki kanitumia sauti ya sekunde saba: "Mtaro wa kwa Mangi umeziba tena. Na safari hii njooni na makoleo, msije na simu tu."