Neno ambalo bibi hakulitamka

Newala, Jumapili usiku.

Nina mahojiano 24 ya wakulima wa korosho, na tangu juzi nahesabu neno moja: kangomba. Kwa msiolijua, ni ununuzi wa chinichini. Mkulima akibanwa na shida anapewa hela mapema kwa bei ya kutupa, na korosho zikianguka si zake tena. Mnada unafika, hana cha kupeleka ghalani.

Kuhesabu kulinipa utulivu. Berelson, mtafiti wa mawasiliano, mwaka 1952 alitaka uchambuzi wa maudhui uwe hivyo: wa utaratibu, wa namba, wa kilicho wazi kwenye maandishi. Kracauer, mtafiti mwenzake, akapinga miaka hiyohiyo, kwamba namba peke yake huiacha maana nje. Chuoni nilimsoma haraka haraka.

Leo nimemrudia bibi mmoja kwenye kinasa sauti. Kangomba hakuitaja hata mara moja. Kwenye jedwali langu ni sifuri. Lakini alisema: "Mzee alipolazwa mwezi wa nane, mjukuu wangu, korosho tukazila zingali ua." Kisha kimya. Kinachosikika ni kubangua tu, ko, ko, ko, mikono yake imepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasimuunguze.

Kangomba imepigwa marufuku. Kuitamka mbele ya mgeni mwenye kinasa sauti ni sawa na kujishtaki. Nilikuwa nahesabu wenye ujasiri, si walioumia.

Watafiti Hsieh na Shannon, 2005, wanataja njia tatu za uchambuzi huu: kuacha makundi yazaliwe na maandishi yenyewe, kuanza na nadharia, au kuanza na maneno ya kuhesabu. Hata hiyo ya tatu hawaiishii kwenye hesabu. Wanadai utafute neno linatumikaje. Mimi niliishia nusu. Nimeanza upya na ya kwanza, na msimbo wangu wa kwanza, yaani jina ninalolipa fungu la maneno yenye maana moja, unaitwa "kula ua".

Ila nimekulia kwenye nyumba ya korosho, naogopa kusikia ninachotaka. Nimempa mwenzangu mahojiano sita ayasome peke yake. Sentensi ya bibi kaiweka kwenye "ugonjwa". Mimi "kula ua". Krippendorff ana kipimo cha wasomaji kukubaliana, alfa: anashauri 0.80, na chini ya 0.667 haikubali. Sisi hata hiyo ya chini hatujaifikia.

Tumebishana hadi taa ya jirani ikazimwa. Kesho tunakwenda kwa bibi. Neno hatutamtajia, tutamwomba atusimulie ule mwezi wa nane.